Unga wa muhogo ulivyonifungia duka: rivyuu ya kitufe cha rufaa

Nyota 2 kati ya 5. Naanza na nyota kabisa kwa sababu nawajua, mnaangalia nyota mnapita zenu, ila mwenye muda wake akae maana hii habari ni ndefu na ina muhogo ndani.

Kwanza tuelewane napima nini. Sipimi mtandao wenyewe, huo naupenda, umenilipia ada ya mtoto na umenipigia bati. Napima ile huduma yao ya kukata rufaa, kile kitufe kinachotokea ukishafungiwa ukurasa, wanakuandikia kwa upole kabisa kwamba unaweza kuomba tuangalie upya. Hicho kitufe nimekaa nacho siku 23, sidhani kama kuna mtu Kigoma hii anakijua kunizidi. Jina la mtandao sitaji, bado nina ukurasa kwao na sina hamu ya siku nyingine 23.

Mi nauza dagaa, mawese na unga wa muhogo, nipo Mwanga, hapahapa Kigoma mjini. Dagaa nafuata Kibirizi asubuhi, makopa, yaani muhogo mkavu, naletewa kutoka Kasulu na Kakonko, nayachambua mwenyewe af napeleka mashineni. Wateja wa hapahapa mjini wa unga ni wachache, kila mtu ana shangazi kijijini anayemletea. Wateja wangu ni watu wa Kigoma walioko Dar, Dodoma, Mwanza, mtu amekula sembe miaka kumi halafu siku moja jioni anakumbuka ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka anataka kulia. Hao ndo wananitafuta mtandaoni, nawapakilia kwenye basi au treni. Na Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuvuliwa mwaka 2024, kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, miezi mitatu mizima, dagaa wakawa wa kutafuta kwa tochi, unga ndo ulionishikilia. Kwahiyo mtu akigusa unga wangu amegusa sufuria.

Sasa siku yenyewe. Nimetoka mashineni na unga mzuri mnoo, mweupe pee, nikaufunga kilo moja moja na nusu nusu kwenye vile vifungashio vinavyoonesha ndani. Mtoto wangu akaniambia mama ukitaka weupe uonekane weka kitu cheusi chini, nikatandika kitenge cheusi, nikapanga paketi kwa mistari na mzani pembeni. Picha ikatoka nzuri ile mbaya. Chini nikaandika hivi: Unga mweupe safi kutoka Kigoma, mzigo mpya umeingia, kilo na nusu kilo, natuma mikoa yote, njoo inboksi tuongee bei.

Nyie someni tena hiyo sentensi taratibu. Mi sikuona kitu siku ile, naapa. Na mteja wangu mmoja wa Dodoma kwa mapenzi yake akaja kukomenti chini yake, dada huu unga wako nilionja mara moja tu mpaka leo nimeshindwa kuacha.

Dakika kumi na moja. Picha imeondolewa, wameandika maudhui yako yanakiuka viwango vyetu vya jamii kuhusu bidhaa zilizozuiliwa. Bidhaa gani hawajasema. Nikadhani labda mzani, sijui labda kitenge. Kesho yake asubuhi nafungua naambiwa ukurasa mzima umefungwa kwa kurudia makosa, kumbe wamerudi nyuma wakachambua picha zangu za zamani, 14 zote za unga, wakazihesabu kila moja kosa. Aliyenifumbua macho ni kijana wa bodaboda anayenichukulia mizigo, nimemuonesha simu akacheka mpaka akakaa chini kwenye kiroba, akasema dada we ulikuwa unatangaza unga. Unga ule mwingine, wa kulevya. Hapo ndo nikasoma tena nilichoandika nikashika kichwa.

Haya, kitufe sasa. Unabonyeza, inakuja orodha, unachagua sababu: sikubaliani na uamuzi, ukurasa uliingiliwa na mtu mwingine, na kadhalika. Nikachagua sikubaliani. Nikasubiri sehemu ya kuandika. Haipo jamani. Hakuna kisanduku, hakuna mstari, hakuna pa kubandika hata picha ya muhogo wenyewe na majani yake. Unabonyeza tuma, basi. Yaani umeitwa kwenye baraza ukaambiwa ujitetee kwa kutikisa kichwa. Baada ya kama saa nne likaja jibu, tumeangalia tena ukurasa wako na uamuzi wetu unabaki vilevile. Nani kaangalia? Kaangalia nini? Kama aliangalia ni mtu anayejua Kiswahili mbona hakuona mzani wenyewe pembeni umeandikwa soko?

Nikabonyeza tena. Mara ya tatu wakadai kitambulisho, nikapiga picha ya NIDA wakasema haisomeki, nikapiga tena haisomeki, nikapiga video ya uso nageuka kulia nageuka kushoto, umeme hakuna siku hiyo nimesimama barazani watu wanaopita wananiuliza dada shingo inakuuma? Mchana wa jua kali nikaiweka NIDA juu ya ndoo nikaipiga, ikapita. Siku ya tisa hiyo. Baada ya hapo ni tunashughulikia ombi lako, tunashughulikia ombi lako, mpaka ya 23.

Ila kilichoniuma siyo mauzo, mauzo yanarudi. Kilichoniuma ni yule mama wa Dodoma, mwenyewe yule aliyekomenti. Alikuwa ameshanitumia 60,000 jana yake, mzigo bado upo dukani kwangu nasubiri kuupakia. Anafungua ukurasa asubuhi aone kama nimeposti risiti ya basi, ukurasa hakuna. Haujaandikwa umefungiwa, haujaandikwa mwenye duka ana kesi, unaambiwa tu ukurasa huu haupatikani. Nyie mnaelewa hiyo inamaanisha nini kwa Mtanzania aliyetuma hela jana? Duka likifungwa na mgambo sokoni watu wanaona kufuli, wanaona karatasi imebandikwa, jirani anakwambia mwenyewe yuko kwa mwenyekiti anarudi. Mtandaoni mlango unang'olewa na ukuta unapakwa rangi. Mama wa watu akalia, mumewe akanipigia simu, sikumjua namba, ananiita tapeli hata salamu hakuna, na mi nalia upande huu namwambia baba subiri nikutumie picha ya mzigo, anasema picha zako ndo zilitufikisha hapa. Mzigo ulipanda basi alfajiri iliyofuata, kesho yake jioni akaupokea, hakunipigia kuomba radhi wala simlaumu.

Kuna wengine watatu sikuwa na namba zao za simu kabisa, tulikuwa tunaongea inboksi tu. Hao mpaka nilipofunguliwa walikuwa wananijua mwizi.

Sasa mtoto wa dada yangu anasoma sheria, alikuwa likizo hapa nyumbani, nikamwambia mwanangu nisaidie niwashitaki hawa, katiba yetu si inasema uhuru wa kutoa maoni. Akasema mamdogo ibara ya 18 ipo na ni nzuri, ila kampuni yenyewe iko Marekani na kule katiba yao ule uhuru wa kusema umeandikwa kumfunga mikono mtunga sheria na serikali, kampuni haimo. Af akaniambia kuna sheria yao ya mwaka 1996, wanaiita kifungu cha 230, inasema mtandao hauhesabiwi ndo msemaji wa kitu alichoandika mteja, na hapohapo inaukinga mtandao ukiamua kuondoa kitu unachoona hakifai mradi uwe umefanya kwa nia njema. Nikamuuliza kwahiyo wakiacha hawashitakiwi na wakitoa hawashitakiwi? Akasema kwa sehemu kubwa ndio. Nikamwambia hiyo sheria na mi naitaka.

Kijana akachangamka akanihadithia kesi moja nikaipenda sana. Iliamuliwa mwaka 1946. Jimbo la Alabama kulikuwa na mji mdogo unaitwa Chickasaw, mji mzima ni mali ya kampuni ya kuunda meli, barabara zao, nyumba zao, maduka yao. Mama mmoja Shahidi wa Yehova, Grace Marsh, akasimama njiani anagawa vijarida vya dini, wakamwambia hapa ni kwetu ondoka, akakataa, akashitakiwa. Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema hapana, mji ukishakuwa mji watu wanapita na kununua na kuishi humo, mwenye mji hawezi kumziba mtu mdomo kisa ardhi ni yake. Nikaruka. Si ndo hiyohiyo! Mi nimehamia kwenye mji wa watu, nimefungua duka, wateja wangu wote wamo humo!

Akanikalisha chini. Wengine walishajaribu hiyo, mamdogo. Mwaka 2020 mahakama ya rufaa ya huko ilisema YouTube hata iwe kubwa kiasi gani haigeuki serikali, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ileile ikaandika kwamba mtandao kuchagua nini kionekane na nini kisionekane ni namna yake wenyewe ya kusema. Yaani kuondolewa kwa unga wangu, kampuni ilikuwa inajieleza. Sawa, na mi naieleza hapa.

Tena msinichanganye na watu wanaotaka mitandao isiguse kitu. Mi nilikuwepo zamani kabla hawajaanza kufagia vizuri, unaposti dagaa chini yake wanakuja kumi na tano, jiunge na Freemason utajirike siku saba, mganga kutoka sijui wapi anarudisha mpenzi kwa simu, mikopo bila dhamana tuma ada ya fomu, na picha za uchi katikati. Mteja anayesoma komenti na wanawe hawezi kukaa hapo. Wafagie. Na wala sisemi ya serikali, hiyo ni habari nyingine, mnakumbuka wenyewe kanuni za 2018 za kulipia leseni ndo uandike blogu, na Mei 2025 X ikazimwa nchini mtu haingii bila VPN, pale unajua nani kafunga na anakaa jengo gani hata kama hutaenda. Mi naongelea mwenye baraza aliyenifukuza barazani kwake, haki anayo, ila mbona hatoki nje tukaongea?

Na hapa inabidi nijitaje na mimi, maana kuna watu wa Kigoma watasoma hii wataniumbua. Mi ni admini. Tuna grupu letu la wafanyabiashara wadogo hapa mjini, watu kama 240, na sheria ziko juu kabisa, hakuna siasa, hakuna matusi, tangazo moja kwa siku. Usiku mmoja, muda mrefu kabla ya haya mambo ya unga, kuna mtu katupia picha za mashine za boti mara sita mfululizo, saa sita usiku, simu yangu inalia ti ti ti mtoto anaamka. Nikamtoa. Sikuandika neno, nimebonyeza nikalala na nikalala vizuri tu.

Asubuhi saa tatu kasimama mezani kwangu, mtu mzima, kofia mkononi, simu mkononi. Shikamoo sikujua niitoe au niipokee kwa aibu. Akasema dada admini ulinitoa jana, nimekuja unioneshe kosa langu. Nikamwambia umetuma mara sita. Akafungua simu akanionesha, kwake inaonesha mara moja, kumbe bando lilikata katikati, simu ikawa inajaribu yenyewe, mtandao uliporudi zikamwagika zote. Nikatazama ile simu, skrini imepasuka kona, imefungwa na rababendi. Nikamwambia mzee wangu nisamehe, nikamrudisha palepale mbele yake, nikaandika kwenye grupu kwamba lilikuwa kosa langu. Akanunua nusu kilo ya dagaa wala hakuomba kupunguziwa. Yote haikufika dakika kumi, tena nikiwa nampimia mteja mwingine. Kwa hiyo najua kumtoa mtu kulivyo rahisi, ni kidole tu. Ila huyu mzee aliijua meza yangu ilipo.

Ndo maana siku za kusubiri zile nikawa nawaza huyo aliyeniangalia upya ni nani. Yule kijana wa sheria akasema mara nyingi wa kwanza ni mashine, inaona kitu cheupe kwenye paketi, inaona neno, inahesabu, inafunga. Akaniambia hata Instagram, Oktoba 2020, mashine yao ilifuta picha za mama mmoja wa Brazili aliyekuwa anafundisha wenzie dalili za saratani ya matiti, mashine imeona titi tu imefunga, ilhali kanuni zao wenyewe zilikuwa zinaruhusu kwa ajili ya saratani. Hiyo ikafika mpaka kwenye ile Bodi ya Usimamizi waliyoiunda Facebook, wenye hiyo Instagram, ikawa kwenye maamuzi yao ya kwanza kabisa Januari 2021, wakasema mlikosea, na mtu akifutiwa na mashine aambiwe ni mashine na awe na njia ya kufika kwa binadamu. Nimefurahi kwa yule mama ila bodi yenyewe inachukua kesi chache mno kati ya mamilioni, unga wa Mwanga utapandia wapi.

Na binadamu wakiwepo, nao ni wa kuwaonea huruma. Hapo Nairobi tu kulikuwa na vijana wameajiriwa na kampuni inaitwa Sama, kazi yao kuangalia vitu vibaya vya Facebook kwa lugha za Kiafrika, watu wanakatwa vichwa, watoto wanafanyiwa mambo, siku nzima ni hivyo. Jarida la Time liliandika mwaka 2022 kwamba baadhi walikuwa wanapata kama dola 1.5 kwa saa, na mmoja wao, Daniel Motaung, akaenda mahakamani Kenya mwaka huohuo akisema kazi imemuumiza akili. Mtu ametoka kuangalia maiti mia, anakutana na picha yangu ya paketi nyeupe juu ya kitambaa cheusi na mzani, sekunde ngapi atanipa? Hata mi ningebonyeza.

Kinachonikera zaidi ni kwamba wanaweza, wanajua kufanya vizuri wakibanwa. Ulaya wana sheria ya huduma za kidijitali, tangu Februari 2024 inafanya kazi kwa mitandao yote, ukifutiwa kitu lazima wakupe sababu ya kueleweka, wakuambie kama ni mashine imeamua, na ukishindwana nao kuna vyombo vya nje vya kusuluhisha unavyoweza kwenda. Mbelgiji akifungiwa chokoleti yake anaandikiwa barua. Simu ileile, programu ileile, kitufe chake kina maneno, changu kinanyamaza.

Siku ya 23, saa tisa usiku, simu ikatetemeka. Ukurasa wako umerejeshwa, samahani kwa usumbufu. Basi. Sikuambiwa kosa lilikuwa lipi, wala kama kulikuwa na kosa, wala nani kanitetea. Watu wangu wamo wote, ila zile picha 14 hazikurudi na komenti zake, na humo kulikuwa na maagizo ya watu na namba zao. Wale watatu wa inboksi niliwatafuta usiku uleule, wawili wakanielewa, mmoja ameniblock.

Kwahiyo nyota: moja kwa sababu nimerudi, na moja kwa ile samahani, maana hata mgambo hasemi samahani. Tatu zilizobaki watazichukua siku wakiweka kisanduku cha kuandika. Sidai ofisi Mwanga, mistari miwili tu, niandike huu ni muhogo.

Kwa mnaouza kama mimi: neno unga peke yake acheni. Mi sasa naandika muhogo uliosagwa, picha napiga paketi moja tu, pembeni nimeweka ugali uliopikwa, mgebuka na bakuli la mawese, kitenge ni cha maua. Haijaguswa mpaka leo. Mteja akiuliza unga upo namjibu wa ugali upo.

Yule mama wa Dodoma tumepatana, mumewe ndo sasa anayeagiza. Juzi nimeposti mzigo mpya, dakika mbili haijafika namuona kaja na komenti yake, dada nimeonja tena, huu siachi hata unifunge kamba. Nikaifuta haraka mkono unatetemeka. Akanifuata inboksi, dada mbona umenifuta, nimekosea nini?